Nakshi na Maji: Kutoka Eardisley Hadi Kidahwe

Kidahwe ndipo barabara inayotoka Kigoma mjini inapogawanyika. Mkono mmoja unapanda Kasulu na kuendelea mpaka Nyakanazi, mwingine unashika Uvinza na Tabora. Katika vijiji vya pande hizi kanisa la kigango ni nyumba ya matofali ya kuchoma na bati, mabenchi machache, altare ya mbao au ya saruji. Siku ya ubatizo meza ndogo husogezwa mbele, na juu yake huwekwa beseni, jagi, taulo na mshumaa. Ibada ikiisha, beseni hurudi kwa mwenyewe. Hapana jiwe, hapana nakshi, hapana chombo cha kumwonyesha mgeni.

Nimewasikia waumini wakilisema jambo hilo kwa unyonge, kwamba wenzetu wa Ulaya wana visima vya ubatizo vilivyochongwa tangu karne ya 12, na sisi hatuna kitu. Naona unyonge huo umetokana na swali lililoulizwa vibaya. Kabla ya kuuliza nani ana nakshi na nani hana, inafaa tuulize kila mapokeo yaliiweka wapi nakshi yake, na kwa nini yaliiweka hapo. Mchongaji hapotezi miezi ya kazi mahali pasipo na maana kwa watu wake. Pale alipotumia nguvu nyingi, ndipo watu wake walipoamini kwamba jambo kubwa linatokea.

Tuanze na jiwe lenyewe. Eardisley ni kijiji cha Herefordshire, magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Katika kanisa lake la Mtakatifu Maria Magdalena kimo kisima cha ubatizo cha jiwe la mchanga, kilichochongwa kwenye mwaka 1150 hivi. Kina umbo la kikombe kipana chenye shingo fupi, na nakshi imekijaa kote. Kamba za jiwe zinapita juu na chini ya zenzake, zinazunguka, zinafungana, jicho likizifuata halipati pa kutokea. Kwenye mwili wa kisima wanaume wawili wanapigana, mmoja kwa mkuki, mwenzake kwa upanga, nguo zao zimejaa mikunjo iliyochongwa kwa uangalifu mkubwa. Yupo simba mkubwa. Na yupo Kristo, ameshika msalaba, amemkamata mtu mkono na anamvuta atoke katika zile kamba zilizomfunga. Wanahistoria wa sanaa wanawaita wachongaji hawa Shule ya Herefordshire. Kazi yao inaonekana pia katika makanisa ya Kilpeck na Castle Frome.

Kati ya yote hayo, kinachonigusa ni ule mkono unaovuta. Mtu anayeokolewa hasimami kwa utulivu akisubiri neema. Anavutwa. Mchongaji wa Eardisley aliuona ubatizo kuwa ni kunyang'anywa: mtoto yuko mikononi mwa nguvu inayotaka kumla, na mwenye nguvu zaidi anakuja kumtoa. Mama aliyemleta mwanawe mbele ya jiwe lile hakuhitaji kujua kusoma. Simba alimwona, na mkono ule aliuona.

Ukubwa wa kisima ulikuwa na sababu ya kawaida kabisa. Mtoto alizamishwa, hakumwagiwa maji kichwani tu, kwa hiyo bakuli lilipaswa kumtosha. Jiwe la mchanga hunyonya maji, basi ndani ya visima vingi lilitandikwa bamba la risasi, na chini palitobolewa tundu ili maji yaliyobarikiwa yakimwagwa yaingie ardhini moja kwa moja. Maji yalibarikiwa mkesha wa Pasaka na mkesha wa Pentekoste, yakakaa humo kwa majuma mengi. Watu wakayaiba. Walikuwa wakiyatumia kwa uchawi na uganga, mpaka mwaka 1236 Edmund wa Abingdon, Askofu Mkuu wa Canterbury, akaagiza visima vyote viwe na kifuniko na kufuli. Makanisa mengi ya Uingereza bado yana makovu ya vyuma hivyo kwenye ukingo wa jiwe. Kwa hiyo mkulima wa Herefordshire wa miaka 800 iliyopita alikuwa na hofu ambazo mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa.

Kuna sababu nyingine, na hii inafika moja kwa moja kwenye maisha ya vigango vyetu. Si kila kanisa la zama hizo lilikuwa na haki ya kubatiza. Haki hiyo, pamoja na haki ya kuzika, ilikuwa ya kanisa mama. Makanisa madogo yaliyokuwa chini yake yalipeleka watoto huko hata kama njia ilikuwa ndefu na matope mengi, na sadaka zilikwenda huko pia. Kijiji kilichopata kisima chake kilikuwa kimepata kusimama chenyewe. Mwamini yeyote wa kigango anayengoja kwa miaka kigango chake kitangazwe parokia ataielewa furaha ya watu waliolipa mchongaji kwa jiwe kama lile. Walitaka lionekane kwa sababu lilikuwa hati ya kijiji.

Wachongaji wengine walitia hata jina. Bridekirk, kaskazini mwa Uingereza, kina kisima cha karne hiyo hiyo chenye maandishi ya herufi za runi yanayosema kwamba aliyekitengeneza ni Rikarth. Amejichonga mwenyewe pia, mtu mdogo mwenye nyundo na patasi, anafanya kazi kwenye mzabibu wa jiwe. Wengi wa waliobatizwa humo majina yao yamepotea. Jina la fundi lipo.

Sasa tushuke pwani yetu, kwa watu waliochonga mawe katika karne ile ile. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, msikiti una maandishi ya Kikufi kwenye mihrabu yanayotaja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, na jina la Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad aliyeamuru ujengwe. Sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya baadaye, lakini maandishi yale ya tumbawe ni ya kale, na herufi zake zimesukwa kwa ustadi ambao Rikarth angeuheshimu. Mwaka huo huo wa 1107, Liège, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alianza uongozi wake abati Hellin, ambaye kabla ya mwaka 1118 aliagiza kisima cha ubatizo cha shaba kinachobebwa na sanamu za ng'ombe, moja ya kazi kubwa za sanaa za zama zile. Bahari na jangwa ziliwatenga watu hawa. Wote wawili waliagiza kazi bora kwa ajili ya nyumba ya ibada, ila Hellin aliiweka kwenye maji, na Musa bin al-Hasan aliiweka kwenye ukuta wa kibla.

Maji yalikuwapo msikitini, na yalipewa mahali pa heshima. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliopanuliwa sana na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, ulikuwa na kisima, birika la kutawadhia na mawe ya kusugulia miguu. Gedi nako, kwenye pwani ya Kenya, alikochimba mwanaakiolojia James Kirkman kuanzia mwaka 1948, msikiti mkuu ulikuwa na kisima na birika lake. Katika nyumba za Lamu mafundi walipachika bakuli la kauri ya China chini ya birika, na wenye nyumba wakaweka samaki wadogo humo wale viluwiluwi vya mbu. Hiyo ni akili ya watu wanaoyajua maji kwa kuishi nayo. Lakini ukuta wa birika ni chokaa tupu iliyosuguliwa ikawa laini. Hakuna simba, hakuna kamba za jiwe, hakuna aya.

Sababu yake naiona wazi. Mwislamu hutawadha kila siku, na hurudi tena na tena mpaka anazikwa. Birika ni la njiani, mahali pa kupita kuelekea kusimama mbele ya Mungu. Linaguswa na miguu na mikono ya mji mzima, linapaswa kusafishika, na nakshi ndani yake ingeshika ukoga. Uzuri wa mahali hapo ni usafi wake. Mtu akishajisafisha huingia ndani, hugeukia kibla, na macho yake yanapotua ndipo patasi ilipofanya kazi. Mkristo wa Eardisley alizamishwa mara moja tu maishani. Mara moja hiyo ilipaswa kubeba uzito wote, na jiwe likaubeba kwa niaba ya mtoto ambaye asingekumbuka chochote.

Ethiopia inakataa kuingia katika mgawanyo huu, na nafurahi kwamba inakataa. Kule Lalibela, makanisa ya karne ya 12 na ya 13 yalichongwa kutoka kwenye mwamba mzima, kutoka juu kwenda chini, paa kwanza. Mto wa mahali hapo umeitwa Yordani. Katika nyua za makanisa kama Bete Maryam na Bete Giyorgis yapo madimbwi yaliyochimbwa katika mwamba huo huo. Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Yesu, inapofika mwezi Januari, umati hukusanyika kwenye maji yaliyobarikiwa, watu wazima waliobatizwa zamani wanarushiwa maji au wanajitosa wenyewe, na makasisi wamebeba vichwani tabot, kibao kitakatifu cha altare, iliyofunikwa kwa vitambaa vya thamani. Ubatizo wao ni wa mara moja kama ule wa Eardisley, lakini furaha yake inarudi kila mwaka. Kitu kitakatifu kuliko vyote kimefichwa, na mlima wote umechongwa.

Yule anayedhani kwamba kisima cha ubatizo ni kitu cha Ulaya kilichokuja kwetu kikiwa kimechelewa, nampeleka Tunisia. Katika Makumbusho ya Bardo, mjini Tunis, kuna kisima kilichotoka karibu na Kélibia, cha karne ya 6. Kimechimbwa sakafuni, kina umbo la msalaba wenye mabawa ya mviringo, na ngazi za kushukia majini. Chote kimefunikwa kwa vijiwe vya rangi: samaki, miti, mishumaa, nyuki, safina, njiwa. Maandishi yake yanataja familia ya Aquinius na Juliana na watoto wao walioigharamia kazi hiyo. Afrika ilikuwa na kisima hiki zaidi ya miaka 500 kabla ya mchongaji wa Eardisley kuzaliwa.

Na kutoka ardhi ile ile ndipo ulipotoka Ukatoliki wa Ziwa Tanganyika. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, walianzishwa Algiers mwaka 1868 na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa mji huo. Padri mmoja wa shirika hilo, Alfred Louis Delattre, alitumia maisha yake kuchimba magofu ya makanisa ya Karthago, karibu na Tunis, na wenzake, Januari 1879, waliingia Ujiji baada ya safari ndefu kutoka Bagamoyo. Lavigerie alikuwa ameyasoma sana maisha ya Kanisa la kale la Afrika Kaskazini. Aliwaamuru mapadri wake wasibatize haraka: mtu mzima afundishwe miaka minne, ila kama yuko katika hatari ya kufa. Wengine waliiona kanuni hiyo kuwa kali mno. Mimi naiheshimu. Mahali ambapo hapakuwa na jiwe la kubeba uzito wa tendo, miaka minne ilibeba.

Hawakukaa Ujiji. Walihamia Rumonge, upande wa Burundi, ambako tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao waliuawa. Mwaka 1885 wakapokea ngome ya Karema, kusini zaidi katika ufuko wetu, iliyokuwa ya Wabelgiji. Huko alifika baadaye Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, na akawa tabibu na katekista wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Wengi aliowahudumia mwanzoni walikuwa watoto waliokombolewa kutoka katika utumwa, na wengine walibatizwa wakiwa wanakufa, kwa maji yaliyopatikana, katika chombo kilichokuwa karibu. Simba aliyechongwa Eardisley katika jiwe, huku alionekana akiingia na msafara wa watumwa.

Lakini ni kosa kuihesabu historia ya maji ya Kigoma kuanzia siku wamisionari walipofika. Uvinza, mwendo wa barabara kutoka Kidahwe, ina chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 watafiti John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale wakakuta mashimo yaliyopakwa udongo wa mfinyanzi, mabaki ya majiko na vigae vingi vya vyungu, ushahidi kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi tangu karne ya 5 au ya 6. Aquinius na Juliana walipokuwa wakilipia vijiwe vyao vya rangi, wanawake na wanaume wa Uvinza walikuwa wakipaka udongo kwenye kuta za mashimo ili maji ya thamani yasipotee. Hicho ndicho chombo chetu cha maji cha zama za kati. Kimetengenezwa kwa udongo, kimepasuka, kimetupwa, kimetengenezwa tena kila kiangazi. Chumvi yake ilifika soko la Ujiji na kusambaa mbali. Na katika ibada ya Kilatini, mpaka mageuzi yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, chembe za chumvi ziliwekwa ulimini mwa mbatizwa kabla ya maji. Padri wa Ujiji aliyehitaji chumvi hakuwa na haja ya kuitafuta mbali.

Ziwa lenyewe halikuwahi kuhitaji chombo. Verney Lovett Cameron, mpelelezi Mwingereza aliyesafiri kwa mtumbwi kusini mwa Ujiji mwaka 1874, aliandika jinsi wapiga makasia walivyotupa shanga majini walipokuwa wakipita rasi ya Kabogo, makao ya pepo wa ziwa. Shanga ni mali, na ni urembo wa mwili. Hapo urembo uliingizwa ndani ya maji ukazama, na asiyekuwapo kwenye mtumbwi hakuuona. Leo Wapentekoste, Wabaptisti na Wasabato wa mwambao huu huingia majini na wabatizwa wao, kwaya ikiwa ufukoni, mchungaji amesimama maji yakiwa kiunoni. Maji yenye kina cha zaidi ya mita 1,400 yakiwa mbele yao, jiwe lingewafundisha nini juu ya kuzama? Na maji hayo hayo, Mei 2015, yalieneza kipindupindu Kagunga, mpakani, wakati maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokuwa wamejazana ufukoni bila maji mengine ya kunywa. Hofu iliyochongwa Eardisley ni ya kweli. Maji yanaweza kumchukua mtu.

Basi beseni la Kidahwe. Kwa nini halina nakshi? Jibu la kwanza ni kwamba kigango ni masikini, na jibu hilo ni kweli. Lakini beseni lina ukoo wake pia. Mwaka 1645 Bunge la Uingereza, likiongozwa na watu waliotaka ibada isiyo na mapambo, liliidhinisha mwongozo mpya wa ibada uliokataza ubatizo kwenye visima vya kale. Visima vingine vikang'olewa, na watoto wakabatizwa kwa maji ya beseni mbele ya waumini wote. Walioyafanya hayo hawakuwa masikini wala wavivu. Waliamini kwamba neno likisikika, chombo hakina la kuongeza.

Jibu la pili ni kwamba nakshi yetu imewekwa mahali pengine: katika kitabu cha ubatizo. Kila mbatizwa huandikwa jina, wazazi, msimamizi, tarehe, mahali, na pembeni huongezwa kipaimara na ndoa yake. Kwa watu wengi wa vijiji hivi cheti kilichotolewa kutoka kitabu hicho kimekuwa karatasi ya kwanza kuonyesha kwamba wamezaliwa, nacho kimewafungulia shule na ndoa. Kwa watu wa mkoa uliopokea wakimbizi miaka mingi, wengine wakiishi katika kambi ya Nyarugusu tangu 1996, mstari mmoja wa wino unaweza kuwa ndio uzi pekee unaomfunga mtu na kijiji alichokimbia. Kule Bridekirk fundi amebaki na waliobatizwa wamepotea. Huku waliobatizwa wameandikwa mmoja mmoja. Sioni aibu katika hilo.

Hata hivyo sitaki tubaki na beseni. Kinachonisikitisha ni kwamba parokia ikipata fedha, mara nyingi hujenga kisima cha saruji na vigae vya dukani, au huagiza nakala ya marumaru kutoka mbali, na mikono ya wenyeji haiulizwi. Mtoto wa hapa hasahau chungu. Maji ya kwanza aliyokunywa, mara nyingi, yalitoka kwenye mtungi. Wafinyanzi wa Buha, nchi ya Waha, wanajua udongo upi unavumilia moto na upi unapasuka, na mapambo ya shingo ya chungu wamerithi kwa mama zao. Sheria ya ibada inataka chombo cha ubatizo kiwe safi na cha kupendeza. Haitaki kiwe cha Ulaya.

Ningependa parokia moja ya barabara hii imwite mfinyanzi, imlipe kwa haki kama watu wa Eardisley walivyomlipa mchongaji wao, na imwachie aamue mwenyewe ni nini kimzunguke mtoto: migebuka na dagaa, mamba ambaye ndiye simba wa maji yetu, mkono unaovuta. Najua mfinyanzi atasema chungu cha moto wa wazi huvuja kikikaa na maji. Jiwe la mchanga nalo lilivuja, ndiyo maana mafundi wa zamani walitandika risasi. Risasi ni sumu, kwa hiyo ndani pawekwe bakuli la shaba au la bati lisiloshika kutu, na udongo ubaki nje unapoonekana. Na kabla hakijaingia motoni, wakati udongo bado ni mbichi, mfinyanzi aandike jina lake kwenye ukingo.